Kijiti Kimoja, Watu Wanane, Kilomita 220

Swali: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilemela, nina umri wa miaka 38. Walimu wanane tumepanga kukimbia kwa kupokezana kijiti kutoka Mwanza hadi Musoma mwishoni mwa Juni, tukichangisha fedha za madawati, maana watoto wengi wa darasa la pili wanakaa chini. Kila mmoja atakimbia vipande vitatu vya kilomita 9 hivi, mchana na usiku bila kusimama. Wadhamini wameahidi kulipa kwa kila kilomita ambayo kila mmoja wetu ataimaliza. Zimebaki wiki 13. Mimi ndiye wa polepole kuliko wote: kilomita moja hunichukua dakika 8, na nimezoea kukimbia kilomita 4 au 5 mara mbili kwa wiki na kikundi chetu cha jogging. Mwenzetu anayecheza mpira anasema kila mmoja lazima awe ameshakimbia kilomita 27 kwa mkupuo kabla ya siku yenyewe, tumeze diklofenaki kabla ya kila kipande ili miguu isikaze, na tunywe maji mengi kadiri tunavyoweza kwa sababu ya jua. Mwalimu mkuu msaidizi ana miaka 54 na anatumia dawa za presha. Mwenzetu mwingine ana mtoto wa miezi 7 anayenyonya. Ninaogopa kuwaangusha. Je, mtu kama mimi ataweza, na tujiandaeje pamoja?"

Marahaba, Mwalimu. Nianze kwa kusahihisha jambo dogo: mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, jina la daktari nimepewa na wagonjwa wangu kwa heshima tu, na pale ambapo swali lako linamhitaji daktari hasa nitakuambia. Nimelisoma swali lako mara mbili. Hofu yako yote umejielekezea mwenyewe, ilhali katika kikosi ulichonieleza wewe ndiye unayenitia wasiwasi mdogo kuliko wote.

Tufanye hesabu kwanza, kwa kuwa wewe ni mwalimu na hutanisamehe nikiiruka. Kutoka Mwanza hadi Musoma kwa barabara kuu ni takribani kilomita 220. Timu ikienda kwa wastani wa dakika 7 kwa kilomita, hizo ni dakika 1,540, yaani karibu saa 26. Wewe ukikimbia kilomita zako 27 kwa dakika 8 badala ya 7, umeichelewesha timu kwa dakika 27. Muda huo mnaweza kuupoteza pale Magu kwa kusubiri chai tu. Sasa chukua mfano wa pili: mwenzenu mmoja, tena mwenye kasi, anavuta msuli katika kipande chake cha kwanza na kubaki kwenye gari. Kilomita zake 18 zilizosalia zinawaangukia watu saba, zaidi ya kilomita mbili na nusu kwa kila mmoja, na zinawaangukia wakati ambapo miguu yao imeshachoka. Katika mbio za kupokezana, mtu wa polepole anayefika salama ana thamani kubwa kuliko mwenye kasi anayeishia njiani, na maandalizi yenu yote yapangwe kwa kuliangalia jambo hilo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzenu mchezaji wa mpira. Anadhani kwamba vipande vitatu vya kilomita 9 ni kilomita 27 zilizokatwa. Mwili hauzioni hivyo. Anayekimbia kilomita 27 kwa mkupuo hupasha misuli mara moja, akaendelea na joto lake hadi mwisho. Ninyi mtakimbia, mtapoa, mtakaa kwenye gari kwa saa nyingi mkiwa mmekunja magoti, kisha mtaanza upya na miguu ileile. Ugumu wa mbio hizi umejificha katika zile saa za kukaa, na karibu hakuna kikundi kinachozifanyia mazoezi.

Miaka kadhaa iliyopita niliwasindikiza wakimbiaji wa hisani waliokuwa wakipokezana kijiti kando ya ziwa, kazi yangu ikiwa kukaa kwenye Noah na sanduku la bandeji. Kijana mmoja, mwenye nguvu kuliko wenzake wote, alikuwa ameketi kiti cha nyuma kwa saa tatu, magoti yakigusa kifua kwa sababu ya mizigo, shati la kipande cha kwanza limemkaukia mwilini. Tuliposimama, mwenzake alikuwa ameshaonekana kwenye kona, na watoto wa kijiji walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara wakipiga makofi. Alishuka, akanyakua kijiti, akaondoka kama mtu anayewahi basi. Nguzo ya umeme ya kwanza, ya pili, na alipoifikia ya tatu mkono wake ukaenda nyuma ya paja. Nilikuwa nimekaa karibu naye saa zote hizo bila kumwambia ashuke mapema. Kosa lile lilikuwa langu.

Kilichotokea ndani ya paja lile kinaelezeka. Msuli unaofanya kazi hupata joto, na msuli wenye joto hunyumbulika na kuitikia haraka. Ukikaa, joto hilo hupungua mapema kuliko unavyofikiri, nusu saa inatosha kuondoa sehemu kubwa yake, na jasho lililobaki kwenye nguo huharakisha kupoa huko. Juu ya hayo, kila kipande cha mbio huacha michubuko midogo sana kwenye nyuzi za misuli, ambayo ni ya kawaida na hupona yenyewe, lakini uvimbe na maumivu yake huja taratibu na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ndiyo maana mtu hukimbia vizuri Jumamosi, kisha Jumapili akashindwa kushuka ngazi. Msuli wa namna hiyo ukiamriwa kukimbia kwa kasi ghafla, hasa ule wa nyuma ya paja na ule wa kigimbi, huchanika kweli.

Dawa yake ni ndogo, ila inataka nidhamu. Dakika kumi na tano kabla ya zamu, anayefuata ashuke kwenye gari, gari likiwa limeshatangulia mbele na kuegeshwa nje kabisa ya barabara. Atembee dakika tano, akimbie polepole sana dakika nyingine tano, abembeze miguu mbele na nyuma, aruke mara chache kwa ncha za vidole. Asijinyooshe kwa kushikilia mguu na kukaa hivyo kwa dakika nzima. Kunyoosha kwa namna hiyo msuli uliopoa hakuukingi na jeraha, na kunaweza kuupunguzia nguvu kwa muda. Kilomita yake ya kwanza iwe ya mwendo ambao anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, hata watoto wapige makofi kiasi gani. Akimaliza, asiingie garini mara moja: atembee dakika kumi, avae shati kavu, ale kitu.

Mazoezi yako basi yafuate umbo hilo. Kwa sasa unakimbia karibu kilomita 9 kwa wiki. Kwa wiki nne za mwanzo ongeza siku ya tatu, uongeze kilomita 2 hivi kila wiki, na wiki ya nne upunguze kidogo ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Usidanganywe na pumzi. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, na hapo mtu hujiona ameiva, lakini mifupa na kano hujengeka polepole zaidi, kwa miezi. Pengo hilo kati ya pumzi na mifupa ndilo linalowaleta kwangu watu wenye maumivu ya ugoko kila msimu wa maandalizi ya mbio. Mara mbili kwa wiki simama kwenye ukingo wa ngazi, uinuke kwa ncha za vidole na kushuka taratibu, mguu mmoja mmoja, mara 12, seti tatu. Zoezi hili linachosha na halina mvuto wowote, nami nalipenda kuliko mengine yote.

Kuanzia wiki ya tano anza kukimbia mara mbili kwa siku moja, Jumamosi tu: asubuhi kilomita 5, jioni 4, na Jumapili asubuhi 4 nyingine ukiwa bado mzito. Kati ya mbio ya asubuhi na ya jioni fanya shughuli zako, tena jitahidi kukaa, sahihisha madaftari, ili ujue mguu wako unavyoitikia ukiamshwa. Wiki ya tisa au ya kumi fanyeni jaribio la pamoja, timu nzima na gari lenyewe, kwenye barabara ya Kisesa kuelekea Nyanguge: kila mmoja akimbie mara tatu Jumamosi na mara moja Jumapili, jumla kilomita 18 hadi 21. Baada ya hapo punguzeni hadi nusu, na wiki ya mwisho iwe ya mbio mbili fupi tu. Hakuna haja ya yeyote kati yenu kukimbia kilomita 27 kwa mkupuo. Mwenzenu wa mpira akitaka kufanya hivyo kwa raha yake, simzuii, ila asiwalazimishe wengine.

Jaribio hilo litawaonyesha mambo ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kuwaambia: nani hutapika akila karibu na zamu, nani hulala garini asiamke, mizigo ikae wapi ili watu wanyooshe miguu. Pia mtajua kama kijiti kinawafaa. Huko Japani, ambako mbio ndefu za kupokezana kati ya miji zilianza mwaka 1917 kutoka Kyoto hadi Tokyo, wakimbiaji hupokezana ukanda wa kitambaa unaovaliwa begani, na mikono hubaki huru. Kipande cha kanga kilichoshonwa vizuri kingefanya kazi hiyohiyo, na mikono yenu mngeitumia kushika chupa ya maji.

Kuhusu kukimbia usiku, ninakushauri mwache kabisa, hata kama tangazo limeshasambazwa. Najua hoja ya upande wa pili: usiku kuna ubaridi, na kumaliza kwa saa 26 kunawavutia wadhamini. Lakini barabara ile ni ya mabasi na malori yaendayo Musoma na Sirari, na mkimbiaji aliyechoka gizani, mbele ya dereva aliyechoka, ni hatari ambayo hakuna zoezi linaloiondoa. Kuanzia Lamadi kuelekea Bunda mnapita kando kabisa ya Hifadhi ya Serengeti, kwenye lango la Ndabaka, na wanyama hawasomi mipaka. Wakazi wa vijiji vya huko wanajua maana ya kukutana na tembo au fisi usiku, na sehemu zilizo karibu na maji zina viboko wanaotoka kula majani giza likiingia. Tena kuna dereva wenu. Mmepanga zamu za wakimbiaji wanane. Je, dereva mna wangapi? Asiwe mmoja wa wakimbiaji, na alale usiku kama watu wengine.

Badala yake gawanyeni safari kwa siku tatu. Anzeni Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, wanafunzi wawasindikize hadi barabarani, mkimbie hadi magharibi, kilomita 25 hivi. Wekeni alama mahali mlipoishia, pigeni picha, nendeni kulala, na asubuhi mrudi palepale. Jumamosi, kutwa nzima, mtapata kama kilomita 100 na mtakuwa mmevuka nusu ya njia. Jumapili zinabaki 90 na ushei, nanyi mtaingia Musoma karibu na saa kumi na moja na nusu jioni. Kumbukeni kwamba Mwanza iko magharibi ya nchi na jua lake huchelewa: mwezi Juni huchomoza karibu na saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kwa hiyo kuanza kabla ya saa kumi na mbili na nusu ni kuanza gizani. Anayekimbia akae upande wa kulia wa barabara ili ayaone magari yanayomjia, avae kizibao chenye kung'aa hata mchana, na polisi wa usalama barabarani wa wilaya zote mnazopita wapewe taarifa kwa barua mapema.

Gharama ya mpango huu ni jua la mchana, na sitaificha. Kati ya saa tano na saa tisa na nusu fupisheni vipande viwe vya kilomita 3 au 4, na asubuhi viwe vya 7 au 8. Kila mnapofupisha mnaongeza idadi ya kuanza upya na mguu uliopoa, kwa hiyo hizo dakika kumi na tano za kujiandaa msizikate. Mwili hujifunza joto: ukikimbia kwenye jua la alasiri mara kadhaa kwa muda wa siku 10 hadi 14, maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na moyo haudundi kwa taabu kama mwanzo. Ninyi mtakuwa mmefanya mazoezi mengi wakati wa masika, kwenye mawingu na asubuhi za baridi, kwa hiyo mapema Juni hamisheni mbio mbili au tatu kwa wiki ziwe za saa tisa alasiri, kwa mwendo wa chini.

Sasa maji, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ushauri wa kunywa mengi kadiri mnavyoweza unakuhusu wewe hasa. Mtu akikimbia kwa muda mrefu, mwili hutoa homoni inayoziambia figo zizuie maji. Akiendelea kunywa zaidi ya anachopoteza, maji hayo hayana pa kutokea, chumvi ya damu huzimuliwa, na seli za ubongo huvimba. Hali hiyo imeua wakimbiaji. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho, na asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa kupita kiasi na waliokaa barabarani muda mrefu, yaani watu wa polepole, ambao wana nafasi ya kunywa katika kila kituo. Kunywa unapohisi kiu. Ukitaka kujua kiasi chako, jipime kwenye mizani kabla na baada ya kukimbia saa moja, ukiwa umejikausha: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na ukikuta umeongezeka uzito, ulikunywa mno. Pakiti chache za ORS ziwemo garini, kila moja ikichanganywa na lita moja kamili ya maji safi kama ilivyoandikwa. Chakula nacho kina chumvi na wanga. Nyumbani kwa Wasukuma kuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo havimwagiki, haviozi na vinatafunika ndani ya gari linalotikisika. Sioni kwa nini mtu anunue vitu vya pakiti za rangi. Sato wa kukaanga na maharage vingojee jioni.

Diklofenaki kabla ya kukimbia, hapana. Mwili ukiwa na joto na upungufu wa maji, damu inayokwenda kwenye figo hupungua, na zipo kemikali za mwili zinazoilinda mishipa ya figo ibaki wazi. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huzizuia kemikali hizohizo. Pia hupandisha shinikizo la damu na kudhoofisha baadhi ya dawa za presha, jambo ambalo kwa mwalimu mkuu msaidizi ni hatari maradufu. Na hata figo zikisalimika, dawa inakuwa imeficha maumivu ambayo yangekuambia simama. Jioni, baada ya kumaliza siku, mtu mwenye maumivu ya kawaida anaweza kutumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa.

Mwalimu mkuu msaidizi asianze mazoezi ya kuongeza kilomita kabla hajaonana na daktari. Presha iliyodhibitiwa haimzuii mtu kukimbia, na kwa kawaida mazoezi humsaidia, lakini daktari anapaswa kujua anatumia dawa gani: zile zinazoongeza mkojo humpunguzia maji kwenye joto, na nyingine hupunguza mapigo ya moyo hata asiweze kujipima uchovu kwa mapigo. Aende hospitali ya Sekou Toure, Bugando au kituo anachotibiwa, apimwe, aulizie kipimo cha umeme wa moyo, na asiache dawa kwa siku tatu hizo eti kwa sababu anakimbia. Akiruhusiwa, apewe vipande vifupi vya asubuhi. Hakuna sheria inayosema kwamba watu wanane wagawane kilomita sawasawa. Mchezaji wa mpira mwenye nguvu achukue 35 na mzee wetu achukue 15, wengine waongeze kama kilomita moja kila mmoja, hesabu itatimia.

Kuhusu mama anayenyonyesha, miezi 7 ni muda wa kutosha kwa wengi kurudi kwenye mbio, mradi awe amerudi kwa hatua, akianza na kutembea kwa kasi. Nitauliza swali ambalo wanawake wengi huja nalo kwangu baada ya kulizunguka sana: je, akikimbia au akikohoa, mkojo hutoka matone? Je, anahisi uzito kama kitu kinashuka ukeni? Hayo ni ya kawaida kwa maana ya kutokea kwa wengi, ila hayapaswi kuvumiliwa. Ni dalili kwamba misuli ya sakafu ya nyonga haijarudi vizuri, na ina mazoezi yake ambayo mtaalamu wa fiziotherapia atamfundisha. Kwa wiki 13 mtu anaweza kupiga hatua kubwa. Mtoto aje naye na msaidizi wake, kwenye gari la pili ikiwezekana, na zamu zake zipangwe mara baada ya kunyonyesha, kwa sababu kukimbia na matiti yaliyojaa kunauma na kunaweza kuleta uvimbe.

Wote wanane waulizwe pia kama wanajua hali yao ya selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Kanda ya Ziwa ina watu wengi waliorithi chembe hizo, na ingawa anayezibeba bila kuugua kwa kawaida hukimbia salama, joto, upungufu wa maji na kasi ya ghafla vikikutana vinaweza kumwangusha vibaya. Anayezibeba aanze taratibu zaidi na asishindane na mtu. Na yeyote mwenye homa, hata ndogo, asikimbie siku hiyo. Apimwe malaria kwanza.

Viatu sina mengi. Raba za mtumba zinaweza kuwa nzuri, lakini soli ya sponji huwa ngumu kwa umri hata kama juu zinang'aa. Ibonyeze kwa kidole gumba, na kama hairudi, iache. Viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza wiki ya safari.

Jambo la ziwa linashangaza wengi. Mkimbiaji akimaliza kipande chake akaona maji yale yanametameta mita mia tatu kutoka barabarani, kitu cha kwanza anachotaka ni kujitosa. Msiruhusu. Kichocho kimeenea mno kwenye fukwe zetu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, bila jeraha na bila mtu kuhisi chochote. Bebeni madumu ya maji ya bomba na kanga mbili za kulowanisha. Aliyezoea kuoga ziwani tangu utotoni naye aende kupima; tiba ya prazikwanteli inajulikana na inapatikana.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo ningelibadilisha kesho asubuhi. Ahadi za wadhamini zinalipwa kwa kila kilomita ambayo kila mmoja wenu ataimaliza. Kwa mpango huo, mwalimu mwenye maumivu kwenye kigimbi atafikiria dawati kabla ya kuufikiria mguu, na atanyamaza. Waombeni walipe kwa kilomita za timu, bila kujali nani alizikimbia, na mteueni mtu mmoja asiyekimbia mwenye mamlaka ya kumtoa yeyote barabarani bila mjadala. Najua mtu atamtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akafika mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Namheshimu kama Mtanzania yeyote. Lakini Akhwari hakuwa na mtu wa kumpokea. Ninyi mna saba.

Mtu huyo wa kusimamia ajue dalili hizi. Maumivu ya kifua, kuzimia, au pumzi kukatika kuliko kazi inayofanywa: mbio zimekwisha kwa mtu huyo, apelekwe hospitali. Anayeyumba, anayejibu maswali ovyo huku mwili unawaka: mpozeni palepale kivulini kwa kummwagia maji mengi mwilini, kanga mbichi na kupepea, ndipo mumsafirishe, kwa sababu dakika za safari bila kupoozwa ndizo zinazoua. Anayeumwa kichwa, anayetapika, vidole vimevimba na amekunywa sana: msimpe maji zaidi, mpelekeni. Mkojo wa rangi ya kahawa au soda nyeusi baada ya mbio ni wa kupimwa siku hiyohiyo. Na wakati wa mazoezi, maumivu ya mfupa yanayouma hata ukitembea, yanayokusanyika mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, yasisubiri zaidi ya siku chache kabla ya kuonwa, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Kabla ya lolote, Mwalimu, andika majina manane kwenye karatasi, na mbele ya kila jina weka kilomita anazokimbia kwa wiki sasa hivi, si zile anazodai. Mnaweza kugawana njia kwa kuanzia hapo. Mkishafanya jaribio la Nyanguge, niandikie mguu gani ulikaza na baada ya saa ngapi za kukaa, tutarekebisha.